Kutafuta hitilafu za umeme kwenye pikipiki iliyoongezewa taa, honi na chaja

Pikipiki zinazobeba abiria mjini Moshi hazikai muda mrefu zikiwa kama zilivyotoka dukani. Anayefanya safari za usiku kupanda Kibosho au Marangu, ambako ukungu hushuka hadi barabarani, hufunga spotilaiti mbili chini ya taa kubwa. Anayeitwa na wateja kwa simu hufunga chaja kwenye usukani. Mwingine huongeza honi yenye mlio wa lori, redio au alamu. Na kwenye pikipiki za mkataba mwenye chombo huwa ameshaficha kifaa cha GPS chini ya siti kabla dereva hajakabidhiwa ufunguo. Kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji umeme, na mara nyingi umeme huo huchukuliwa kutoka kwenye waya wowote uliokuwa karibu na kisu cha fundi.

Miezi miwili au mitatu baadaye dalili huanza. Dereva hununua taa mpya, kisha betri mpya, na tatizo hurudi baada ya wiki. Kwa pikipiki nilizozifungua mwenyewe, kifaa kilichoongezwa kimekuwa na kosa mara chache sana. Kosa limekuwa pale waya ulipoungwa, au kwenye njia ya kurudishia umeme ambayo tunaiita ethi, au kwenye mzigo uliozidi uwezo wa pikipiki. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye kiungo.

Vipimo vya kuanzia

Vifaa vinavyohitajika ni multimita ya kawaida, hata ya bei nafuu mradi iwe na tundu la kupimia ampea 10, na balbu ya indiketa ya wati 10 iliyofungwa nyaya mbili. Balbu hiyo ina umuhimu ambao wengi hawaujui. Multimita inapopima volti haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba ndani ya ganda lake bado utaonyesha volti 12.5, na fundi ataapa kwamba umeme unafika. Unganisha balbu ya wati 10 mwisho wa waya huohuo na uipime tena ikiwa inavuta mkondo wake. Ikiwa volti zinashuka hadi 7 au 8, umempata mwizi. Vipimo vyote vinavyofuata humu vifanyike kifaa kikiwa kimewashwa, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Anza na betri. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, betri nzuri ya asidi ya volti 12 huonyesha kati ya 12.6 na 12.8, ikiwa chini ya 12.2 imeshapoteza karibu nusu ya chaji yake. Washa injini, zima vifaa vyote ulivyoongeza, kisha vuta mafuta hadi mzunguko wa kati: volti zipande na kukaa kati ya 13.8 na 14.5. Zisipofika hata 13, tatizo liko kwenye magneto inayozalisha umeme injini inapozunguka, kwenye regyuleta inayodhibiti volti zake au kwenye nyaya zake, na hakuna haja ya kuendelea kuchunguza spotilaiti. Zikipita 15, simama hapohapo, kwa sababu regyuleta imeshindwa kazi na itaunguza chaja, taa za LED na mwishowe betri yenyewe. Nimeona dereva akibadilisha chaja nne za simu, akimlaumu muuza duka kila mara, wakati pikipiki yake ilikuwa inatoa volti 16.8.

Kisha fanya hesabu ya mzigo. Magneto ya pikipiki ya sisi (cc) 100 hadi 150 kwa kawaida haizidi wati 150, na hiyo ni injini ikizunguka kwa kasi. Ikiwa imesimama kijiweni inanguruma polepole, hutoa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Taa kubwa inakula wati 35, taa ya nyuma wati 5, indiketa mbili zinapowaka pamoja wati 20, na mfumo wa kuchomea plagi nao una sehemu yake. Kinachobaki kwa ajili ya vifaa vya kuongeza mara nyingi ni wati 30 hadi 40. Chaja ya simu yenye kutoa volti 5 na ampea 2 inahitaji takriban ampea 1 kutoka kwenye betri, ambayo si nyingi. Spotilaiti ndizo zinazovunja bajeti. Usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi. Pima ampea zinazopita kwenye waya wa taa, zidisha kwa volti, na ndipo utakapojua kwamba taa iliyouzwa kama ya wati 60 inavuta 18, au kwamba ile uliyodhani ni ndogo inavuta 30.

Betri haina nguvu asubuhi

Dalili hii ndiyo inayoletwa mara nyingi kuliko zote, na karibu kila mara dereva anafika akiwa ameshanunua betri mpya. Pikipiki inawaka vizuri mchana kutwa. Ikilala, asubuhi stata inatoa mlio wa kutetemeka tu na inabidi kupiga kiki.

Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni kifaa kilichoungwa moja kwa moja na betri bila kupitia swichi ya ufunguo. Chaja nyingi za usukani zina kitaa kidogo cha bluu au namba za kuonyesha volti, na hivyo huvuta umeme hata simu ikiwa haijachomekwa. Tuseme chaja inavuta miliampea 15 na GPS miliampea 40. Kila kimoja kinaonekana kidogo, lakini jumla ya miliampea 55 kwa betri ya ampea-saa 5 maana yake ni kwamba betri mpya kabisa, iliyojaa, itaisha ndani ya saa 91, na stata itagoma mapema zaidi ya hapo. Mwenye pikipiki anayeegesha Ijumaa jioni na kuiwasha Jumatatu asubuhi atakuwa ameshapoteza ampea-saa 3.3. Ndiyo maana kila Januari hupatikana pikipiki zilizokufa betri, baada ya wenyewe kupanda mlimani kwa Krismasi na kuziacha mjini chini ya paa la jirani.

Kupima uvujaji huu, zima ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri, weka multimita kwenye ampea 10 na waya wake mwekundu ukiwa kwenye tundu la ampea, kisha iunganishe kati ya kichwa cha hasi na waya ulioufungua. Usiguse stata wala honi multimita ikiwa hapo, kwani inaweza kuungua. Mkondo ukiwa mdogo sana, hamia kwenye kipimo cha miliampea. Pikipiki ndogo isiyo na kifaa chochote cha ziada inapaswa kuonyesha karibu sifuri. Ukiona namba ya maana, chomoa vifaa kimoja baada ya kingine huku ukitazama multimita, na kile kitakachoishusha namba ndicho mlaji. Ikiwa umechomoa vyote na namba haijashuka, chomoa konekta ya regyuleta. Ikishuka hapo, daiodi ndani ya regyuleta inarudisha umeme kinyumenyume, na hakuna kiungo utakachokitengeneza ili kuondoa hilo.

Tiba ya vifaa vinavyotumika ufunguo ukiwa umewashwa ni rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya mnene utoke kwenye chanya ya betri, upite kwenye fyuzi iliyo ndani ya sentimita 20 kutoka betri, uingie kwenye mguu namba 30. Mguu namba 87 upeleke umeme kwenye kifaa. Namba 85 iende ethi. Na namba 86 ipokee waya mwembamba kutoka kwenye waya wowote unaopata umeme ufunguo unapowashwa. Kwa njia hiyo waya wa asili wa pikipiki hubeba kiasi cha ampea 0.15 tu za kuamshia rilei, na mzigo wote hupita kwenye njia yake mpya. Rilei ikilia kama nyuki injini inapowaka, umeichukulia umeme kutoka kwenye waya wa mkondo geu. Jambo hilo linaelezwa chini kidogo.

GPS ni suala jingine, kwa sababu kwa makusudi haipaswi kuzimwa na ufunguo. Dereva wa mkataba asiikate kimyakimya. Amwonyeshe mwenye chombo namba iliyoonekana kwenye multimita, na aliyekifunga kifaa aombwe kukipanga kilale pikipiki inaposimama, kama kina uwezo huo.

Fyuzi inaungua

Fyuzi ya kioo inasimulia habari yake ukiiangalia vizuri. Kioo kikiwa kimechafuka kwa weusi au kwa rangi ya fedha, umeme umepita kwa wingi ghafla, yaani kuna shoti. Kikiwa safi na uzi umekatika katikati, mzigo umezidi kidogo kwa muda mrefu hadi uzi ukachoka.

Kwa hali hii ya pili, chanzo ni kwamba kifaa kimeungwa baada ya fyuzi kuu, ambayo kwenye pikipiki nyingi ndogo ni ya ampea 10, na sasa fyuzi hiyo inabeba mzigo wa asili pamoja na spotilaiti na honi kubwa. Inaungua dereva anapopiga honi huku ameshika breki na indiketa inawaka. Kuweka fyuzi ya ampea 20 huondoa dalili na kuhamishia moto kwenye waya, na kuizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni vivyo hivyo, ila haraka zaidi. Kifaa kipewe njia yake na fyuzi yake: chaja ampea 2 au 3, spotilaiti ndogo ampea 5, honi kubwa kulingana na mkondo uliopimwa ikiwa inalia.

Shoti inayotokea mara moja tu kwa siku ndiyo inayochosha akili. Tazama sehemu tatu: shingo ya usukani, mahali waya unapopita chini ya tenki, na chini ya siti pale bamba linapokutana na fremu abiria wawili wanapokaa. Waya ulioongezwa hufungwa kwa kamba ya plastiki bila kupewa ulegevu, usukani unapogeuzwa hadi mwisho unavutwa, na baada ya miezi kadhaa ganda linasuguliwa na chuma. Geuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho mara kumi ufunguo ukiwa umewashwa, ukiwa umeweka ile balbu ya wati 10 mahali pa fyuzi na kuzima vifaa vyote. Balbu ikiwaka kwa nguvu ghafla, shoti ipo kwenye sehemu uliyoigusa sekunde hiyo, na hujapoteza fyuzi hata moja.

Taa zinapepesa au ni hafifu

Hapa pana sababu mbili zisizofanana kabisa, na ni lazima kuzitenganisha kabla ya kununua chochote.

Pikipiki nyingi ndogo hulisha taa kubwa moja kwa moja kutoka kwenye magneto kwa umeme wa mkondo geu, ambao mafundi huuita AC, bila kuupitisha kwenye betri. Utaijua kwa sababu taa kubwa haiwaki injini ikiwa imezimwa, na injini ikinguruma polepole taa nayo husinyaa. Kwa uhakika zaidi, weka multimita kwenye volti za AC, injini ikiwa inazunguka, na upime waya wa taa kubwa. Kuna pikipiki ambazo taa yake hungoja injini iwake ilhali inatumia umeme wa betri. Waya wa AC haufai kwa kifaa chochote cha elektroniki. Spotilaiti ya LED iliyoungwa hapo itapepesa kwa kufuata mzunguko wa injini na kufa mapema, chaja itaunguruma na kuacha kuchaji, na taa kubwa yenyewe itapungukiwa mwanga kwa sababu mnagawana kile kidogo kilichopo. Hamisha kiungo hadi upande wa betri kwa kutumia rilei.

Kama waya ni wa betri na taa bado ni hafifu, volti zinapotea njiani. Washa taa, weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa chanya palepale unapoingia kwenye taa. Namba utakayoiona ndiyo hasara. Ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibaya, swichi iliyochakaa au waya mwembamba mno. Kisha pima kati ya hasi ya betri na waya wa hasi wa taa. Hapo hata volti 0.3 inatosha kukupa shaka, na kwa uzoefu wangu upande huu wa ethi ndio wenye makosa mara nyingi zaidi, kwa vile fundi huufunga kwenye boliti yoyote iliyopakwa rangi na kuondoka. Rangi haipitishi umeme. Kwangua hadi chuma king'ae, au bora zaidi, rudisha waya wa hasi hadi kwenye betri.

Kuhusu unene wa waya, hesabu ni rahisi. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba una ukinzani wa takriban omu 0.035 kwa kila mita. Taa zinazovuta ampea 4 kupitia mita 3 za waya huo, kwenda na kurudi, zitapoteza volti 0.42 kwenye waya peke yake, kabla hujahesabu swichi na viungo. Ukitumia waya wa milimita 1.5 hasara hiyo inashuka hadi volti 0.14. Hata hivyo unene si kila kitu: nyaya nyingi za spika zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mweupe ndani ni alumini, ambayo ina ukinzani wa zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, hukatika kwa mtetemo, na haishiki lehemu vizuri. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe kwa nje na nyekundu kwa ndani. Hiyo ni nzuri.

Injini inakata au inazimika kifaa kinapowashwa

Dalili hii ndiyo yenye mitego mingi, na kiini chake ni rangi za nyaya. Mtu aliyezoea umeme wa redio au wa gari hudhani nyeusi ni hasi. Kwenye mifumo ya nyaya iliyofuata mtindo wa Honda, ambayo imeigwa na pikipiki nyingi za Kichina, kijani ndiyo ethi, nyekundu inatoka kwenye betri, na nyeusi ni chanya inayopatikana ufunguo unapowashwa. Nyeusi yenye mstari mweupe, kwenye mtindo huohuo, ni waya wa kuzimia injini: ukigusishwa na ethi, plagi haichomi. Lakini kwenye mtindo wa Suzuki, nyeusi yenye mstari mweupe ndiyo ethi yenyewe. Na kwenye pikipiki za Bajaj ethi ni nyeusi yenye mstari wa njano. Fundi mwenye mazoea ya aina moja anapoletewa nyingine, huunga hasi ya spotilaiti kwenye waya wa kuzimia injini, kisha dereva anarudi akisema pikipiki ilikuwa nzima hadi alipofunga taa.

Ushahidi ni huu: ukichomoa kifaa kabisa, injini inatulia. Hapo fuata waya wake wa hasi na wa chanya hadi viungoni, na upime kila kiungo kinafanya nini ufunguo ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa, bila kuamini rangi. Waya wa kuzimia usiungwe na kitu chochote, hata kama multimita imekuonyesha kwamba unafanana na ethi, kwa sababu ufunguo ukiwa umezimwa unakuwa ethi kwelikweli. Ndilo jambo linalowadanganya watu. Kuupelekea volti 12 kunaweza kuua CDI, kile kifaa cha elektroniki kinachotoa cheche ya plagi.

Sababu ya pili ni udhaifu wa betri kwenye pikipiki ambazo CDI yake inakula umeme wa betri. Ukipiga honi kubwa na volti zikashuka hadi 9 au chini, cheche inadhoofika na injini inakohoa. Kwenye pikipiki ambazo CDI inalishwa na koili yake ndani ya magneto, injini itaendelea kuzunguka hata betri ikiwa imetolewa, kwa hiyo honi haiwezi kuizima kwa njia hiyo, na inabidi kurudi kwenye suala la waya wa kuzimia.

Kijana mmoja wa kijiwe cha Kiboriloni aliniletea pikipiki iliyokuwa inazimika kila anapokata kona ya kushoto kwa kasi ndogo. Mafundi wawili walikuwa wameshabadilisha plagi, koili na CDI. Waya wa spotilaiti ulikuwa umefungwa kwa kamba za plastiki pamoja na nyaya za asili kwenye shingo ya usukani, ukiwa mfupi kiasi kwamba kila usukani ulipogeuka kushoto ulivuta konekta ya swichi ya kuzimia iliyoko nyuma ya taa kubwa. Nilikata kamba mbili, nikaongeza sentimita 12 za waya, na kazi ikaisha. Dawa ilikuwa ya bei ndogo kuliko kikombe cha chai; aliyoyalipa kabla ya hapo sikumuuliza.

Kwenye pikipiki mpya zinazopuliza mafuta kwa umeme, usiguse nyaya zinazoenda kwenye sensa, kwenye pampu ya mafuta wala kwenye kompyuta ya injini. Kutoboa ganda la waya wa sensa kwa pini ya testa kunatosha kuingiza maji msimu wa masika, na hitilafu itakayofuata haitakuwa na uhusiano wowote wa wazi na chaja uliyoifunga.

Indiketa zinaenda mbio, au kifaa kimoja kinawasha kingine

Indiketa zikienda mbio baada ya kubadilishwa kuwa za LED, flasha ya zamani, yaani kile kifaa kinachoziwasha na kuzizima, imepungukiwa mzigo. Nunua flasha ya LED na suala limekwisha. Ila ukipiga honi na taa ya nyuma ikang'aa kidogo, au ukishika breki na indiketa zikawaka kwa uhafifu, usibadilishe kitu chochote kwanza. Umeme umekosa njia ya kurudi na unatafuta njia kupitia kifaa cha jirani. Safisha ethi, pima hasara ya volti upande wa hasi kama ilivyoelezwa, na vituko hivyo vitatoweka pamoja.

Kiungo chenyewe

Kusokota nyaya mbili na kuzungushia tepu ndiyo njia inayotumika karibu kila gereji, na kwa nyumba iliyotulia ingeweza kudumu. Pikipiki haitulii. Kwenye barabara za vumbi za Mabogini kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC mtetemo hulegeza msokoto, joto la injini huyeyusha gundi ya tepu, na masika inapofika maji huingia na kupanda ndani ya ganda kwa mvutano wa nyuzi. Pampu za kuoshea pikipiki hufanya kazi hiyohiyo kwa dakika tano. Fungua kiungo cha namna hiyo baada ya mwaka mmoja utakuta shaba imekuwa nyeusi au imeota kutu ya kijani. Kata nyuma hadi ufikie shaba nyekundu inayong'aa, hata kama ni sentimita 10, kwa sababu shaba nyeusi haishiki lehemu wala haibaniki vizuri.

Vile vibanio vya plastiki vinavyokata ganda na kugusa waya bila kuukata vinarahisisha kazi, lakini meno yake hukata baadhi ya nyuzi na mtetemo humalizia zilizobaki. Siviweki kwenye pikipiki. Napendelea taminali iliyobanwa kwa koleo lake, ikafunikwa kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, au lehemu pale ambapo waya umefungwa imara pande zote mbili za kiungo, kwa maana lehemu hugeuza nyuzi kuwa fimbo moja ngumu, na zikitikiswa hukatika pale ugumu unapoishia. Kiungo kikae mbali na shingo ya usukani na mbali na ekzosti, kikiangalia chini ili maji yadondoke.

Baada ya matengenezo, washa kila kitu ulichoongeza na uendeshe kwa dakika 20 hivi, kwa mfano kutoka Mbuyuni hadi Kiboriloni na kurudi. Egesha, zima, na uguse kwa vidole kishikizo cha fyuzi, rilei na kila kiungo kipya. Rilei kuwa na uvuguvugu ni kawaida. Kiungo kilicho na joto kuliko waya wake kikatwe na kuungwa upya siku hiyohiyo.